Mkono kwa Mkono au Soko Kuu? Biashara Baina ya Wachezaji wa Gemu za Mtandaoni, 1999–2015

Utangulizi

Tarehe 2 Januari 2008, wachezaji wa gemu ya mtandaoni iitwayo RuneScape waliingia mchezoni na kukuta kwamba hawawezi tena kumpa rafiki zawadi ya maana. Mtu aliyetumia miezi akichimba madini na kufua silaha hakuweza kuchukua upanga mmoja wa thamani na kumkabidhi ndugu yake bure. Kampuni yenye gemu ilikuwa imeweka sharti: vitu vinavyobadilishwa kati ya watu wawili lazima vikaribiane thamani. Wiki chache tu kabla ya hapo, kampuni hiyohiyo ilikuwa imefungua soko kuu ambamo mtu aliweza kununua na kuuza bila hata kumwona anayefanya naye biashara. Mlango mmoja ulifunguliwa, na mwingine ukafungwa.

Insha hii inachunguza milango hiyo miwili. Wa kwanza nitauita biashara ya mkono kwa mkono: wachezaji wawili wanakutana mahali fulani ndani ya gemu, wanapatana bei, kila mmoja anaweka kitu chake mbele ya mwenzake, kisha wanabadilishana. Wa pili nitauita soko kuu: mwuzaji anaandikisha bidhaa na bei yake, mnunuzi anaandikisha anachotaka, na kompyuta ya kampuni inawakutanisha. Nitafuata gemu tatu ambazo historia yake inajulikana vizuri, yaani EverQuest, RuneScape na Diablo, kuanzia mwaka 1999 hadi 2015.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mwanafunzi wa Historia na Kiswahili apoteze wino wake kwa michezo. Ninazo sababu mbili. Kwanza, masoko mengi tunayoyasoma darasani yalianza zamani mno, na hakuna aliyeandika habari za siku yake ya kwanza. Masoko ya gemu yana siku ya kuzaliwa, mengine yana hata siku ya kufa, na tarehe zake zinajulikana. Pili, vitu vinavyouzwa humo havishikiki, lakini saa zilizotumika kuvipata ni saa za watu wa kweli. Mtu akinyimwa haki ya kutoa kitu alichokifanyia kazi, kuna jambo la kujadiliwa hata kama kitu chenyewe ni picha kwenye kioo.

Hoja yangu ni kwamba soko kuu lilikuwa na faida ya kweli, kwani lilimwondolea mchezaji mizigo iliyomlemea hasa mgeni na mnyonge. Hata hivyo, lilileta madhara katika hali mbili: lilipofanywa njia ya pekee ya kubadilishana mali, na lilipokuwa na nguvu kuliko kazi yenyewe ya mchezo. Nitaanza na soko ambalo hakuna aliyelijenga.

Soko la handakini: EverQuest, 1999–2001

EverQuest ilitoka Machi 1999. Ulimwengu wake unaitwa Norrath, na wachezaji walipigana humo na mazimwi, wakakusanya silaha, ngozi na vito. Walipopata ziada walitaka kuiuza. Yalikuwepo maduka yanayoendeshwa na kompyuta, lakini vile vitu adimu vinavyoachwa na zimwi likiuawa vilikuwa mikononi mwa wachezaji wenyewe. Kwa biashara kati ya mtu na mtu, waliotengeneza gemu walitoa zana mbili tu. Ya kwanza ilikuwa dirisha la kubadilishana, ambalo kila upande uliona kilichowekwa na mwenzake kabla ya kukubali. Ya pili ilikuwa njia ya kupaza sauti kwa maandishi, ili waliomo katika eneo lilelile wasome tangazo lako.

Sauti hiyo haikuvuka mipaka ya eneo. Kwa hiyo mwenye kitu cha kuuza alilazimika kwenda penye watu, na watu nao wakaenda kule walikojua wauzaji wapo. Katika seva nyingi, walijikuta wanakusanyika katika handaki lililomo eneo la East Commonlands, si mbali na mji wa Freeport. Kampuni haikulichimba handaki lile liwe soko. Lilikuwa njia ya kupita. Wachezaji ndio waliolifanya soko kwa kurudi palepale jioni hadi jioni, kama gulio linavyozaliwa penye njia panda.

Soko la handakini lilikuwa na taabu zake. Mwuzaji aliweza kusimama saa nzima akirudia tangazo lilelile. Mnunuzi mzoefu alijua bei kwa sababu alikuwa amesikiliza matangazo kwa muda mrefu. Mgeni hakujua, na kutojua kulimgharimu. Walikuwepo pia madalali walionunua kwa mtu mwenye haraka na kumwuzia mtu mwenye shida, bila kutoka handakini hata kwenda kuua panya. Ulikuwa uchumi mkubwa. Mchumi wa Marekani, Edward Castronova, alipoandika utafiti wake kuhusu Norrath mwaka 2001, alitumia bei ambazo fedha za gemu ziliuzwa kwa dola nje ya gemu, akakokotoa kwamba pato la kila mkazi wa Norrath liliangukia kati ya lile la Urusi na lile la Bulgaria.

Desemba 2001, nyongeza ya gemu iitwayo The Shadows of Luclin ilileta mahali palipoitwa Bazaar. Hapo mchezaji aliweza kumwacha mhusika wake amesimama na bidhaa zenye bei, mwenyewe akaenda kulala, na wanunuzi wakatafuta kitu kwa jina. Handaki likapungukiwa na watu. Lakini tuzingatie mpangilio wa matukio: soko lilitangulia, jengo likafuata. Kampuni haikuanzisha biashara. Iliijengea paa biashara iliyokuwepo tayari.

Gharama tatu za mkono kwa mkono

Kabla ya kuendelea, ni vyema kueleza kwa nini wachezaji wengi waliliacha handaki kwa hiari. Biashara ya mkono kwa mkono ina gharama tatu ambazo hazionekani kwenye bei.

Gharama ya kwanza ni ya kutafuta. Ukitaka magogo elfu moja, lazima umpate mtu mwenye magogo elfu moja, awe yuko mchezoni saa ileile, na awe anataka kuuza. Gharama ya pili ni ya kujua bei. Pasipo ubao wa bei, kila mtu hubeba bei kichwani, na kichwa chenye uzoefu humshinda kisicho na uzoefu. Gharama ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni ya kuaminiana. Dirisha la kubadilishana linakulinda pale tu ambapo vitu vyote viwili vipo mbele yenu kwa wakati mmoja. Likihusu mkopo, ahadi au kazi itakayofanywa kesho, mlinzi pekee ni tabia ya mwenzako.

Soko kuu huondoa gharama zote tatu kwa mpigo. Kompyuta inatafuta, inaonyesha bei, na inashika mali ya kila upande hadi biashara ikamilike. World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004, ilianza na nyumba ya mnada tangu siku za mwanzo, na mwuzaji alikatwa asilimia 5 ya bei. Makato hayo hayakwenda kwa mtu yeyote. Yalifutwa, ili fedha zisizidi mno katika gemu na kupandisha bei. Kwa hiyo soko kuu likawa pia chombo cha serikali, kama tukiweza kuiita kampuni ya gemu serikali. Nami nadhani tunaweza, kwa sababu ndiyo inayotunga sheria, inayotoza ushuru na inayofukuza watu nchini.

RuneScape kabla ya 2007

Hakuna gemu inayoonyesha jambo hili vizuri kama RuneScape. Ilianzishwa nchini Uingereza Januari 2001 na Andrew Gower pamoja na nduguye Paul, na kampuni yake, Jagex, ina makao Cambridge. Ilichezwa ndani ya kivinjari cha intaneti, na sehemu kubwa ilikuwa bure, kwa hiyo ilivuta vijana wengi wa shule.

Kama ilivyokuwa Norrath, wachezaji wa RuneScape walijitengenezea masoko. Gemu iligawanywa katika seva nyingi zilizoitwa ulimwengu, kila moja na nambari yake. Bila amri ya mtu, wafanyabiashara wasiolipa ada walizoea kukutana Ulimwengu wa 1, kwenye benki ya magharibi ya mji wa Varrock, na wanaolipa ada wakazoea Ulimwengu wa 2. Ukifika hapo ulikuta maandishi ya rangi yakipanda juu ya vichwa vya watu: nauza kamba, nanunua makaa, nauza deraya. Yalipanda kwa kasi ambayo macho hayakuweza kuifuata.

Hapo ndipo utapeli ulipostawi. Utapeli uliovuma kuliko mwingine ulikuwa wa kutarizi deraya. Mchezaji mzoefu alimwambia mgeni kwamba anaweza kumwekea nakshi ya dhahabu kwenye deraya yake bila malipo. Mgeni akimkabidhi, mzoefu alitoweka. Ufundi huo haukuwepo kabisa katika gemu. Wengine waliahidi kuzidisha fedha mara mbili: ulitoa kidogo ukarudishiwa maradufu, ukanogewa ukatoa zote, na hapo ndipo ulipoagana nazo. Kampuni iliongeza ukurasa wa pili wa kuthibitisha biashara ili mtu asibadilishe kitu dakika ya mwisho. Lakini ukurasa hauwezi kumzuia mtu anayetoa mali yake kwa hiari kwa sababu amedanganywa.

Hata hivyo, mkono kwa mkono ulikuwa na upande mwingine ambao haukuandikwa kwenye matangazo. Wachezaji wakongwe waliwavisha wageni. Marafiki walikopeshana silaha kwa ajili ya pambano moja. Vikundi vilikuwa na hazina ya pamoja. Baadhi ya vitu vilibeba historia ya watu: kofia za karatasi zilizogawiwa bure wakati wa Krismasi ya 2001 hazikutolewa tena, zikageuka kuwa vitu vya bei kubwa kuliko vyote, na kila moja ilipita mkono hadi mkono.

Milango miwili, 2007–2011

Tarehe 26 Novemba 2007 Jagex ilifungua soko kuu liitwalo Grand Exchange, kaskazini-magharibi mwa Varrock. Mchezaji aliandikisha kitu na bei, akaondoka. Hata akizima kompyuta, ombi lake lilibaki. Ghafla mvuvi mdogo aliweza kuuza samaki mia tano bila kupiga kelele saa nzima, na mgeni akaiona bei ya kila kitu kama anavyoiona mkongwe. Gharama zote tatu zilishuka siku moja. Lingekuwa limeishia hapo, nadhani historia ingelikumbuka soko hilo kwa sifa tupu.

Lakini kampuni ilikuwa na adui mwingine. Kulikuwa na watu waliochuma dhahabu ya gemu kwa wingi, wengi wao wakitumia programu zinazocheza zenyewe, kisha wakaiuza kwa fedha za kweli. Baadhi yao walilipia akaunti zao kwa kadi za benki zilizoibwa, na mwenye kadi alipodai fedha zake, hasara ilirudi kwa kampuni. Dhahabu hiyo ilimfikia mnunuzi kwa njia gani? Kwa zawadi. Mwuzaji alikutana na mnunuzi mahali fulani na kumkabidhi dhahabu, akapokea kitu kisicho na thamani au asipokee chochote. Kwa kompyuta, zawadi ya ndugu na mzigo wa mlanguzi vilikuwa kitendo kilekile.

Ndiyo sababu kati ya Desemba 2007 na Januari 2008 kampuni iliziba njia zote za kupitisha mali pasipo malipo. Biashara ya mkono kwa mkono ilibaki kwa jina, lakini tofauti ya thamani iliwekewa kikomo kidogo sana. Eneo la Wilderness, ambamo wachezaji walipigana na mshindi akachukua mali ya aliyeuawa, nalo liliondolewa mapigano hayo, kwa sababu mtu aliweza kujiacha auawe kwa makusudi ili kufikisha mzigo. Wachezaji waliandamana ndani ya gemu kwa makundi. Wengi waliacha kabisa.

Hapa kuna somo la uchumi ambalo halihitaji kitabu. Ili kikomo kifanye kazi, kompyuta ilihitaji kujua thamani ya kila kitu. Kwa hiyo ikatumia bei elekezi ya soko kuu. Na katika soko lenyewe hukuruhusiwa kuuza wala kununua kwa bei iliyopishana na bei elekezi kwa zaidi ya asilimia 5. Bei elekezi ilibadilika polepole. Kitu kikihitajiwa sana, bei yake halisi ilikimbia na bei ya kompyuta ikabaki nyuma. Hakuna aliyekubali kuuza kofia ya karatasi kwa bei elekezi, kwa hiyo kofia zikatoweka kwenye soko kuu.

Wachezaji walifanya nini? Walirudi mkono kwa mkono kwa mlango wa nyuma. Tuseme bei elekezi ya kofia ni milioni 100, lakini watu wako tayari kutoa milioni 150. Mwuzaji alitoa kofia pamoja na rundo la takataka ambazo kwa hesabu ya kompyuta zilikuwa na thamani ya milioni 50, ingawa hakuna aliyezitaka. Mnunuzi akatoa milioni 150. Kompyuta ikaona pande mbili zimelingana na kuridhika. Takataka zikageuka kuwa aina ya fedha. Palipokuwa na bei ya amri kukazuka bei ya magendo, na magendo hayo yalihitaji uzoefu, marafiki na kuaminiana. Yaani gharama zilezile tatu zilirudi, na safari hii zilimlemea zaidi asiyejuana na watu.

Hali hiyo ilidumu miaka mitatu. Mwishoni mwa 2010 Jagex iliwauliza wachezaji kama warudishiwe biashara huru na Wilderness ya zamani. Zilipigwa kura zaidi ya milioni moja, na takribani tisa katika kila kumi zilikubali. Tarehe 1 Februari 2011 mlango ulifunguliwa tena. Programu zinazocheza zenyewe zilirudi kwa wingi kama ilivyotarajiwa, na kampuni ililazimika kupambana nazo uso kwa uso mwaka huo. Wachezaji walijua hilo lingetokea, nao wakapiga kura hivyohivyo. Walichagua gemu yenye wezi ambayo ndani yake unaweza kumpa mwenzako kitu, kuliko gemu isiyo na wezi ambayo huwezi.

Soko lililoushinda mchezo: Diablo

Mfano wa Diablo unaonyesha hatari ya pili. Katika Diablo II, iliyotoka mwaka 2000, biashara ilikuwa ya mkono kwa mkono tupu. Dhahabu ya gemu ilikuwa nyingi na yenye thamani ndogo, hivyo wachezaji walichagua fedha yao wenyewe: pete iitwayo Stone of Jordan. Ilikuwa ndogo, ilitakiwa na wengi, na thamani yake ilijulikana. Ni kanuni ileile iliyozifanya kauri na shanga kuwa fedha. Lakini pete hizo zilighushiwa kwa wingi na watu waliogundua kasoro za programu, na utapeli ulikuwa jambo la kila siku.

Kampuni ya Blizzard ilipotoa Diablo III tarehe 15 Mei 2012, ilitaka kumaliza matatizo hayo. Iliweka nyumba ya mnada ya dhahabu, na tarehe 12 Juni 2012 ikaongeza ya pili iliyotumia fedha za kweli. Mchezaji aliweza kuuza upanga kwa hadi dola 250, na kampuni ikachukua dola 1 kwa kila silaha au vazi lililouzwa. Kwa upande wa usalama, mpango ulikuwa na mantiki: kama watu watauza kwa dola hata hivyo, heri wauziane mahali penye mlinzi.

Tatizo lilikuja kutoka upande usiotazamiwa. Kiini cha Diablo ni kuua shetani na kuona ameangusha nini. Kila mchezaji hupata vitu vingi vibovu na, mara chache, kimoja kizuri. Katika handaki au kwenye benki ya Varrock, kitu kizuri cha mwenzako kilikufikia kwa shida. Katika mnada, vitu vizuri vya ulimwengu mzima vilikuwa umbali wa kubofya mara moja, na kwa sababu vilikuwa vingi, bei zilianguka. Mtu aliyecheza wiki nzima bila kupata upanga wa maana aliupata kwa dakika tano mnadani. Baada ya hapo, kila alichookota kilikuwa duni kuliko alichonunua. Rahisi ghali, walisema wahenga. Na hapa urahisi uligharimu furaha ya kuokota.

Septemba 2013 Blizzard ilitangaza kwamba mnada unadhoofisha kiini cha mchezo, na tarehe 18 Machi 2014 nyumba zote mbili zilifungwa. Lakini kampuni haikurudi handakini. Ilibadilisha jinsi vitu vinavyopatikana ili mchezaji ajipatie vya kumtosha, kisha ikavifunga vitu bora kwenye akaunti ya aliyevipata. Ungeweza kumpa tu aliyekuwa nawe kundini vilipoanguka, na kwa muda wa saa mbili. Soko likafa, na biashara ya mkono kwa mkono ikabaki kama chembe. Huo nao ni uamuzi wa kihistoria: kampuni iliona kwamba gemu yake haihitaji soko la aina yoyote.

Kurudi nyuma ili kuchagua upya, 2013–2015

Historia haimpi mtafiti nafasi ya kurudisha miaka nyuma na kujaribu tena, lakini RuneScape ilikaribia kuitoa. Februari 2013 Jagex ilifungua Old School RuneScape, iliyotokana na nakala ya gemu ilivyokuwa Agosti 2007. Kwa kuwa nakala ile ilitangulia Grand Exchange, watu walijikuta tena kwenye zama za kupaza sauti benkini. Wengi walikuwa wameyalilia maisha hayo kwa miaka.

Waliyapata, pamoja na gharama zake. Haukupita muda, wachezaji walianza kutangaza bidhaa kwenye tovuti za nje kama Zybez, wakatazama bei huko, kisha wakarudi ndani kukabidhiana. Walikuwa wanajenga soko kuu kwa mikono yao kwa sababu gemu haikuwa nalo. Katika toleo hili mabadiliko makubwa yalihitaji angalau asilimia 75 ya kura, na pendekezo la kuleta Grand Exchange lilipita. Soko lilifunguliwa Februari 2015. Safari hii hapakuwa na kikomo cha asilimia 5, na biashara ya mkono kwa mkono haikuguswa. Milango yote miwili ikawa wazi, na iko wazi hadi leo. Mwaka 2021 soko hilo liliwekewa ushuru wa asilimia 1.

Nilianza kuicheza gemu hii kwenye simu, baada ya toleo la simu kutoka Oktoba 2018, na nimeitumia milango yote miwili. Magogo niliyoyakata jioni nikiwa hosteli Kampala niliyaandikisha Grand Exchange, bando likaisha, na asubuhi nikakuta fedha zangu. Sijui nani aliyenunua, wala sihitaji kujua. Lakini deraya yangu ya kwanza nilipewa na mwanafunzi mwenzangu wa chumba cha jirani, mkono kwa mkono, bila kulipa chochote. Kwa sheria za Januari 2008, hilo la pili lisingewezekana.

Ni haki kukiri kwamba mlango huo wa pili haupitishi zawadi peke yake. Wakati wa mfumuko mkubwa wa bei nchini Venezuela, baadhi ya wananchi walijipatia riziki kwa kuchuma dhahabu ya Old School RuneScape na kuiuza kwa fedha za kigeni, kinyume na kanuni za gemu. Baadhi ya wachezaji wengine waliwawinda wahusika wao na kuwaua mchezoni. Kwa kampuni, mtu huyo ni mlanguzi; kwa familia yake, ni mleta chakula. Kanuni inayomzuia mwizi wa kadi inamzuia na yeye, na inamzuia pia jirani yangu wa hosteli. Ndiyo maana naona uamuzi wa kufunga mlango hauwezi kuitwa wa kiufundi tu.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba katika EverQuest na RuneScape wachezaji walianzisha masoko kabla ya kampuni kuyajenga, kwa hiyo swali halijawahi kuwa kama soko litakuwepo au la. Swali ni nani atakayebeba gharama za kutafuta, za kujua bei na za kuaminiana. Mkono kwa mkono huziacha juu ya mchezaji, na mgeni ndiye hulipa zaidi. Soko kuu huzihamishia kwa kompyuta, na hilo ni jema kwa bidhaa zinazofanana, kama samaki, magogo na madini, ambazo hakuna anayejali zimetoka kwa nani.

Aidha, nimeonyesha mipaka miwili ya wema huo. Diablo III inatufundisha kwamba soko likiwa jepesi kuliko kazi, watu huacha kazi na kubaki na soko, na mchezo unapoteza sababu ya kuchezwa. RuneScape ya 2008 inatufundisha kwamba soko kuu likifanywa njia ya pekee, bei ya amri huzaa magendo, na zawadi hugeuka kosa. Wanaosema soko kuu liliua ujirani wa wachezaji wanaionea Grand Exchange. Ujirani uliumizwa na sharti lililofuata wiki chache baadaye, lililomtaka kila anayetoa apokee kitu cha thamani ileile. Panapokosekana nafasi ya kutoa bila kupokea, watu wanaweza kuendelea kununua na kuuza kwa miaka mingi, lakini hawana tena njia ya kuwa na deni la wema kwa mtu yeyote.